Njia ya Kupitishia Keki

Miaka ile ya miwa, watu wa upande wa Mumias walioana sana. Hata waliokuwa wameishi pamoja miaka kumi, wana watoto watano, walirudi kanisani kubariki ndoa, mama akiwa na shela na baba akiwa na suti mpya inayombana mabegani. Kiwanda kilisaga miwa mchana kutwa na usiku kucha. Mkulima akishavuna alianza na nyumba ya mabati, kisha arusi, na arusi isiyo na keki ilizungumzwa vibaya wiki nzima.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Sayansi Kimu katika shule moja ya wasichana mjini Kakamega, na keki nilizioka nyumbani kwetu Shirere. Fundi wa mabati sokoni alikuwa amenitengenezea jiko lenye mlango, makaa chini na makaa juu. Nilioka Alhamisi, nikapamba Ijumaa, na Jumamosi asubuhi mume wangu alinipeleka kwa pikapu yetu ya buluu. Yeye alikuwa karani mahakamani, mtu mtaratibu sana, asiyependa kupiga honi wala kupita gari la mbele. Kwa keki, dereva wa namna hiyo ni baraka.

Tatizo lilikuwa barabara. Ile ya kutoka Kakamega kwenda Mumias ndiyo kwanza ilikuwa inawekwa lami, na kwa muda mrefu haikuwa ya udongo wala ya lami. Leo ungekuta upande mmoja umechimbwa, kesho upande wa pili. Palikuwa na greda, malori ya kokoto, na mtu aliyesimama katikati ya njia na kitambaa chekundu kwenye fimbo.

Jumamosi moja mtu huyo alitusimamisha tukiwa na keki ya ghorofa mbili.

"Mama, ngojeni kidogo," aliniambia kwa upole. "Wanamwaga lami huko mbele."

Hiyo kidogo ikawa saa mbili na nusu. Jua lilipanda. Kila lori lililopita lilituachia vumbi, na mimi nikawa natoka garini kushika kanga juu ya boksi kama mtu anayemkinga mtoto. Tuliporuhusiwa kupita, walitushusha kwenye njia ya kando waliyokuwa wameikata mtaroni, na pikapu ikadumbukia kwa gurudumu la nyuma. Nilisikia keki ikihama. Nilipofungua boksi kule arusini, ghorofa ya juu ilikuwa imeteleza na kuinama upande mmoja, na aisingi imepasuka kuanzia juu hadi chini.

Watu walikuwa wamekwisha kula. Mama wa bibi arusi aliitazama, akanitazama.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Wekeni pale."

Nilijaza ufa kwa maua niliyoyachuma uani, keki ikakatwa na ikaliwa, lakini nilirudi Shirere nikiwa mnyonge kabisa. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Baada ya wiki chache alikuja shuleni mkulima mmoja wa huko huko, mzee mrefu aliyevaa koti zito na gambuti. Binti yake, muuguzi, alikuwa anaolewa. Alitaka keki ya ghorofa tatu, yenye nguzo kati ya ghorofa na ghorofa. Alinieleza kwa mikono jinsi nguzo zinavyotakiwa kuwa. Halafu akauliza, "Na itafika ikiwa imesimama?"

Kwa hiyo habari ilikuwa imemfikia.

"Itafika, mzee," nilimjibu.

Jioni nilipomweleza mume wangu, aliweka kikombe chake cha chai mezani. "Umemwahidi hivyo. Utapitia barabara gani?"

"Tutapitia," nilisema. "Si mimi peke yangu."

Hilo ndilo lililotufanya tutafute njia. Tulikuwa na Jumamosi tatu mbele yetu zisizo na arusi, na mimi nilibuni kipimo changu. Nilichukua beseni la kuoshea vyombo, nikalichora mstari wa makaa kwa ndani, nikalijaza maji hadi kwenye mstari. Nilikaa kwenye kiti cha abiria na beseni mapajani, kanga ya zamani chini yake, na tukaondoka. Njia itakayobakisha maji mengi ndiyo itakayobeba keki. Mume wangu alicheka tangu Shirere hadi stendi, kisha akaendelea kuendesha kwa makini kuliko siku zote, kwani hakutaka kulaumiwa kwa maji.

Jumamosi ya kwanza tulizunguka kwa Bukura na Butere. Ni njia ndefu, na wakati ule ilikuwa na matuta madogo madogo mfululizo, ya kutetemesha meno. Tulifika Mumias nikiwa nimelowa hadi magotini na beseni limebaki nusu. Jumamosi ya pili tulijaribu Navakholo. Huko maji yalikaa vizuri mpaka tulipofika mlima mmoja wenye utelezi, pikapu ikarudi nyuma pole pole, nami nikayamwaga yote kwa hofu. Ilibidi tuombe maji kwenye nyumba ya jirani ili tuendelee kupima, na mwenye nyumba akatuuliza mara mbili kama gari linachemka.

Jumamosi ya tatu tulisimama Shianda kunywa chai. Kwenye benchi la pili alikuwa dereva wa trekta, na mume wangu, ambaye si mtu wa kuzungumza na wageni, alimuuliza trekta zinapita wapi siku hizi barabara ikiwa imefungwa.

"Sisi hatuendangi huko kwa lami," alisema yule dereva. "Tunapitanga ndani ya miwa. Greda ya kiwanda inapitanga huko kabla ya kuvuna."

Akatuonyesha pa kuingilia. Zilikuwa barabara za udongo, pana, zilizosawazishwa kama sakafu iliyosiribwa, na miwa imesimama pande zote mbili juu kuliko paa la gari. Maji katika beseni yalikuwa yakitikisika kidogo tu. Nilimtazama mume wangu naye akanitazama, lakini tulikuwa tunaogopa kusifu mapema. Tulikuwa na haki ya kuogopa. Baada ya kona nne tulipotea. Ndani ya miwa kila njia panda inafanana na nyingine, na hakuna mlima wala mnara wa kanisa unaouona.

Tuliwakuta akina mama kama kumi na wawili wakipalilia miwa michanga. Nyapara wao alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye kofia ya majani na jembe begani. Alikuja dirishani kwangu.

"Mulembe, mama."

"Mulembe muno."

Aliangalia mapajani mwangu. "Hayo maji mnapeleka wapi?"

"Hatuyapeleki popote," nilisema. "Tunapima barabara."

Aligeuka akamtazama mume wangu, kama anayetaka kujua kama nyumbani kuna watu wa kunitunza. Ikabidi nimweleze habari yote, tangu keki iliyoinama hadi mzee wa nguzo. Alisikiliza mpaka mwisho, na wenzake wakaacha majembe wakasogea.

"Njia ni hii," alisema. "Mkifika kwa mikaratusi, mnakata kushoto, mnashuka kwa kijito, mnatokea nyuma ya kanisa. Lakini mvua ikinyesha, pale kwa kijito si pazuri. Na trela zinafunganga njia. Mnakuja siku gani?"

"Jumamosi ijayo."

"Tutakuwa upande huo huo wa kijito. Mkikwama, pigeni honi."

Tulifika Mumias na maji yamepungua upana wa kidole kimoja chini ya mstari.

Ijumaa ile alasiri mvua ilinyesha. Nilikuwa namalizia maua ya aisingi, na kila radi ilipopiga mkono wangu ulisimama. Asubuhi mbingu zilikuwa safi. Tulipakia ghorofa tatu katika maboksi matatu mapana yasiyo na vifuniko, kila moja limefunikwa neti nyeupe, na nguzo nikazibeba mwenyewe kwenye mfuko. Tulipofika Shianda tuliona foleni ya magari imesimama, na mbele kabisa kile kitambaa chekundu. Mume wangu alizima gari.

"Huko tutangoja," alisema. "Ndani ya miwa kumelowa. Wewe ndiye uliyeshika beseni, Mwalimu. Sema."

Nilifikiri kwa muda ambao labda haukuzidi dakika moja. Nilikumbuka jinsi mama wa bibi arusi alivyosema asante.

"Kata kona," nilisema.

Mambo yalikwenda vizuri hadi kwenye mikaratusi, na hata baada ya hapo. Udongo ulikuwa laini, magurudumu hayakupiga kelele. Kisha tukashuka kuelekea kijito, na pale, katikati ya njia, trela ilikuwa imelala ubavu. Miwa ilikuwa imemwagika kutoka ukingo hadi ukingo. Dereva alikuwa amekaa juu ya lundo akitafuna muwa.

"Trekta ya kuvuta inakuja saa nane," alituambia.

Keki ilitakiwa mezani saa saba. Mume wangu alishuka, akazunguka trela, akarudi. Niliona uso wake nikajua hakuna pa kupita. Basi akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliingiza mkono dirishani akapiga honi, akaishikilia.

Akina mama walitokea ndani ya miwa, nyapara mbele. Aliitazama trela, akaitazama pikapu, akainua neti ya boksi la kwanza kwa ncha ya vidole na kuirudisha taratibu.

"Gari likiwa tupu linaweza kupita kwa shamba lile lililovunwa," alimwambia mume wangu. "Litaruka ruka kwa visiki, lakini litatoka upande wa pili wa kijito. Hii keki tuachie sisi."

"Mtaibebaje?" niliuliza.

"Mama, hapa sisi tunabebanga nini kila siku?"

Waliosha mikono kwa maji ya kunywa waliyokuwa nayo kwenye mtungi wa plastiki. Walisokota kata za majani ya miwa, wakafunika kwa leso zao, na wanawake watatu wakachuchumaa. Tuliwatwika. Boksi kubwa la chini alibeba nyapara mwenyewe. Mume wangu aligeuza gari akaondoka, nami nikasikia pikapu ikigonga kila kisiki kilichokuwa shambani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anaendesha kama mtu mwenye haraka.

Sisi tulipita kwenye kivuko cha miguu, magogo mawili juu ya maji. Mimi nilikuwa nyuma na mfuko wa nguzo, nimeukumbatia kifuani, na nadhani sikupumua mpaka wa tatu alipokanyaga ng'ambo. Hawakuyumba hata kidogo. Walitembea shingo zimenyooka, mikono imelegea ubavuni, wakizungumza habari za mtu fulani aliyefukuza mkwe wake. Tulipoanza kupanda, mmoja wao akaanzisha wimbo wa kumpeleka bibi arusi, na wengine wakaitikia. Wale waliobaki bila mzigo walitangulia wakipiga vigelegele. Mpaka leo nikifunga macho naona neti zile nyeupe zikipanda kilima katikati ya miwa ya kijani, moja nyuma ya nyingine, na wanawake chini yake wamepakaa matope hadi magotini. Nilikuwa nimesahau kuogopa. Niliitikia wimbo na mimi.

Mume wangu alitukuta juu, shati limelowa jasho, majani ya miwa yamenasa kwenye bampa. Tulipakia. Hakuna ua hata moja lililovunjika.

Saa saba kasoro nilikuwa nasimamisha nguzo ya mwisho chini ya turubai. Yule mzee alikuja, akaizunguka keki mara moja, mikono nyuma, kisha akaketi kwenye kiti cha mbele kabisa akiitazama kana kwamba yeye ndiye mlinzi wake. Mume wangu alimsimulia jinsi ilivyofika. Mzee hakucheka. Alimwita binti yake, akamnong'oneza, na keki ilipokatwa, robo nzima ya ghorofa ya chini ilitengwa kwenye sinia, pamoja na sufuria ya ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali mkubwa uliofunikwa majani ya mgomba. Tulivipeleka wenyewe alasiri ile, mpaka kwenye kijito, ambapo trela ilikuwa imekwisha kuinuliwa na akina mama wamekaa kivulini wakipumzika. Nyapara aliionja keki, akatafuna polepole.

"Ni tamu," alisema. "Lakini ni laini sana. Mtu hashibi."

Tulikula ingokho pamoja nao, pale pale chini.

Tuliendelea kupita ndani ya miwa msimu wote ule, nami nikajua njia zake kuliko baadhi ya madereva wa trekta. Kisha lami ikakamilika. Mara ya kwanza tulipoipita kwa keki, hatukusimamishwa na mtu yeyote, na mume wangu, ambaye hakuwa amezoea, aliondoka Shirere alfajiri kama kawaida. Tulifika wenyeji wakiwa ndio wanachimbia nguzo za turubai. Walitupa chai na mandazi, halafu, kwa kuwa tulikuwa tumekaa bure, wakatupa beseni la viazi na visu viwili. Tulimenya hadi saa nne, tukizungumza na mashangazi wa bwana arusi, keki ikiwa salama mezani ndani ya nyumba.