Mume wangu amegeuza mbao za jeneza la mama yake kuwa gitaa

Habari zenu humu ndani. Admin nifiche jina tafadhali, maana kijiji chetu ni kidogo na mawifi zangu wote wanaisoma hii page kuliko wanavyosoma Biblia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na tatu, naishi huku Ikungi na mume wangu pamoja na mama yake mzazi. Mume wangu ni seremala, ila vitanda na milango anavitengeneza kwa shingo upande. Roho yake ipo kwenye magitaa ya mkono. Karakana yake iko Mkiwa barabarani, wapigaji wanamfuata kutoka mbali, na maneno yao nimeyasikia mpaka nimechoka. Wa kwaya wanataka gitaa lenye tumbo kubwa lisikike kanisani hata umeme ukikatika. Wa bendi wanataka shingo nyembamba ili vidole vikimbie. Lakini wote mwisho wanarudi kwenye jambo moja, mbao iwe kavu, iliyokauka taratibu kwa miaka. Mbao hiyo siku hizi utaipata wapi?

Sasa niwaeleze kuhusu mama mkwe. Mume wake alifariki wakati wa masika, hapakuwa na kitu ndani, wakampigia sanduku la mabanzi, yale mabaki ya kupasulia mbao. Wakati wa kushusha kaburini sanduku likafumuka chini, watu wote wanaona. Mama hajawahi kulisahau lile. Baadaye akaangusha mninga uliokuwa shambani kwake, akapasulisha mbao, akaziweka kwenye dari ya jiko zipate moshi. Mimi nilipoolewa alinionyesha mafiga, akanionyesha mtungi wa maji, kisha akanyoosha kidole juu. "Zile ndiyo nyumba yangu," aliniambia. "Siku yangu ikifika wewe ndiye utawaambia wanaume zilipo." Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Miaka yote nimepika chini ya zile mbao na sikuziogopa, nilizizoea kama sufuria.

Mwaka jana mpigaji wa kwaya yetu alirudisha gitaa kwa mume wangu. Nilikuwepo, nimempelekea chakula. Akamwambia, "Fundi, mkono wako sina shida nao. Shida mbao zako changa, zinalia kama ndoo." Jamani, mume wangu hakula siku ile. Njaa haikuwepo nyumbani, hivyo msimtetee kwa hilo. Ilikuwa ni sifa tu, kutaka waseme fundi ni yeye.

Haikupita muda nikampeleka mama hospitali mjini kwa ajili ya miguu, tukalala kwa wifi. Tuliporudi sikuona tofauti yoyote. Mpaka nilipopanda kufagia masizi darini, mkono ukarudi na mafuta. Nikakwangua kwa kisu. Chini yake mbao nyeupe. Paini! Paini laini iliyopakwa oili chafu ya magari ili mama akitazama kutoka chini aone weusi uleule.

Nilimfuata karakana. Hakukataa hata kidogo. "Mbao inayoimba vile unaifukia ya nini?" aliniuliza. "Mama ataoza, na mbao itaoza. Gitaa litabaki." Nikamuuliza, huyo anayeoza si ndiye aliyekuzaa? Akawasha randa ya umeme ili asinisikie. Nilimwendea hadi yule mpigaji wa kwaya, maana gitaa la mbao zile aliuziwa yeye, na bila kumweleza sababu nikamwomba atuuzie tena. Akacheka, akasema shemeji, hili hata kwa ng'ombe kumi silitoi, sijawahi kushika gitaa kama hili.

Mama sikumwambia. Nilijiambia mama bado ana nguvu, Mungu atafungua njia. Sasa mama hana nguvu tena. Daktari ametuambia tukae naye nyumbani tu. Leo Jumapili kwaya ikaja kumwimbia, na yule mpigaji akaja na gitaa lake. Mama alikuwa haongei tangu asubuhi. Lilipoanza kulia akafumbua macho, akaomba asogezewe. "Hilo limetoka wapi?"

"Kwa mwanao, bibi," kijana wa watu akajibu kwa furaha. "Yeye ndiye kalitengeneza."

Mama akaweka kiganja juu ya gitaa, akalipapasa polepole. Miaka yote alikuwa anamgombeza mume wangu kwamba magitaa ni kazi ya walevi. Leo akasema mbele ya kwaya nzima, "Kumbe mwanangu ni fundi." Akambariki kwa Kinyaturu, maneno ambayo mume wangu ameyangoja tangu utoto. Mume wangu akatoka nje. Wanakwaya walilia kwa furaha, mimi nililia kwa aibu.

Walipoondoka mama akaniita nikae karibu. Ameniambia kaka yake anakuja kesho kutoka Sepuka, nao wanaume wazishushe mbao zake ziletwe kitandani. Anataka azishike wakati mikono bado inasikia. Na zile mbao anazijua, fundo kwa fundo. Mume wangu nilipomwambia alijibu neno moja tu: "Mwambie wewe, wewe ndiye unayemuogesha."

Siombi mumtukane mume wangu, matusi yangu yanamtosha. Ndugu zangu, niamulieni haraka maana mjomba yuko njiani. Nimwambie mama ukweli akiwa hai, nimnyang'anye jeneza lake na mwanawe kwa siku moja? Au kesho nikae pembeni ya kitanda, ashike paini, aniulize mimi kama ndizo, na mimi nimjibu, "Ndiyo, mama"?