Batri ya Tonton Haikutaka Haraka

Wakati wa vita, mjomba wangu, tonton, alikuwa na gari ambalo haliendi popote. Mafuta yalikuwa adimu, na gari likionekana barabarani, askari walilichukua kwa kile walichokiita kazi ya nchi. Kwa hiyo lilikaa nyuma ya nyumba yetu pale Kabondo, chini ya turubai, na tonton alilipangusa vumbi kana kwamba Jumapili tunakwenda harusini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi kwake na mke wake, tantine.

Batri tonton aliitoa akaiweka sebuleni, kando ya kiti chake. Batri ikikaa bure inakufa, alisema, kwa hiyo ilipaswa kuchajiwa kila mara. Mashine ya kuchaji aliileta kutoka Butembo alipokwenda kuuza vitenge. Ilikuwa na kitufe cha kuchagua mwendo: polepole au haraka. Polepole ilichukua mchana, usiku, na wakati mwingine asubuhi ya pili. Haraka hatukuwahi kuiona. Nyaya za nyumba zilikuwa kuukuu, umeme wa maporomoko ya Tshopo ulifika kwetu umechoka, na tonton alikuwa amekifunga kile kitufe kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Tantine akitaka kupiga pasi, ilibidi kwanza aulize hali ya batri.

Asubuhi moja akaja kamanda na askari wawili, wamebeba bido, dumu la petroli. Alikuwa mtu wa adabu, alivua kofia. Alisema ndege inamngoja kwenye uwanja wa Simi-Simi, gari lake limeharibika, na angependa kuazima la tonton. Tantine alinikonyeza ninyamaze, maana kila mmoja wetu alikuwa na uongo wake tayari mdomoni, na ungeweza kugongana na wa mwenzake.

Tonton hakuwa nao.

"Gari iko, chef," akasema. "Batri ndiyo iko kwenye courant. Nimeanza kuichaji sasa hivi."

"Itajaa saa ngapi?"

"Kesho asubuhi, Mungu akipenda."

Kamanda alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaketi kungoja. Tantine akalazimika kuwapikia lituma na samaki, akiponda ndizi kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona. Kila baada ya muda kamanda aliinuka kwenda kuangalia mshale wa ile mashine.

"Iko nakunywa kama mugonjwa," akalalamika.

Tonton alifurahi kupata msikilizaji. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumemchoka. Alimweleza kwamba ukuta unatoa kile unachoweza kutoa, ukilazimisha zaidi waya unapata moto, na batri nayo ina tumbo lake. Kamanda aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Halafu akauona ule mpira.

"Na hii ni nini?"

"Ile ni haraka, chef. Lakini nyumba hii haiwezi haraka."

"Papa, vita haiwezi kungoja nyumba yako."

Akatoa kisu, akakata mpira, akageuza kitufe. Mshale ukaruka. Kwa kitambo kidogo sote tulifurahi, hata mimi, kwa jinsi ulivyopanda vizuri. Kisha ukuta ukaanza kunuka. Soketi ikatoa moshi, waya ukawa mweusi mpaka darini, redio ikanyamaza katikati ya wimbo. Tonton akaifunika plagi kwa shati lake, akaichomoa.

Kamanda aliwatazama askari wake kana kwamba wao ndio walioharibu. Akavaa kofia, akatoka, akasimamisha toleka, akapanda nyuma ya baiskeli bunduki ikiwa mapajani. Mwendesha baiskeli alianza kupanda kamlima ka mbele ya nyumba yetu akihema. Askari wakafuata kwa miguu na bido lao.

Tantine alicheka akijiziba mdomo kwa kitenge. "Gari imepona!" akasema.

Tonton alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine yake iliyoungua. "Nilimuambia," akasema, machozi yakimlengalenga. "Sikumuambia?"

Furaha yetu haikudumu. Baada ya majuma machache walikuja wengine, wasio na adabu, na batri yao wenyewe. Walivuta turubai, wakafungua boneti, wakaanza kufunga nyaya. Tulisimama mlangoni tukiwatazama. Ghafla tonton akawaendea mbio, mikono juu. Nilidhani ameamua kufa.

"Hapana! Hapana! Munageuza! Plus iko huku!"

Akawanyang'anya spana, akafunga nyaya mwenyewe, akakaza vizuri, akajaribu kwa kutikisa. Gari likawaka mara moja. Askari mmoja alimshukuru.

Walipoondoka nalo, tantine alimgeukia. "Ungeacha waunguze!"

"Na gari ilifanya kosa gani?" akajibu tonton, akainama kukunja turubai.