Chai Niliyomwandalia Mjomba wa Mchumba Wangu

Hadi leo nikikutana na wakwe zangu natamani kujificha, na sababu ni hii. Wiki ile mafua na kikohozi vilinibana, pua ikaziba kabisa. Muuguzi mmoja hapa Mushasha, mjini Gitega, aliniambia nipumzike, ninywe vitu vya moto, na nisafishe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Nikishindwa kupumua vizuri, nirudi haraka. Basi nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikayaacha jikoni kwenye termosi, niyapoze wakati wa kuosha pua.

Jumamosi mchumba wangu akamleta mjomba wake kutoka Butihinda, aje kunitazama kabla familia yao haijakubali ndoa. Kwa kiherehere nikashika termosi ya kwanza niliyoiona, nikatengeneza chai yenye sukari nyingi, nikaipeleka sebuleni.

Mjomba akanywa funda moja, akakitazama kikombe, kisha akakimaliza chote kwa mkupuo. Nikajua ameipenda, nikamwongezea.

"Huku Gitega chai mnaipika hivi?" akauliza taratibu.

"Ndiyo, baba. Mama ndiye aliyenifundisha," nikajibu kwa majivuno, sauti ikitokea puani.

Akamaliza kikombe cha pili huku jasho likimtoka. Mchumba wangu naye alikunywa chake akitazama sakafu.

Ndipo mama akatokea jikoni, ameshika termosi na kuitikisa.

"We Chantal, maji yako ya kuosha pua iko wapi? Mi naona termosi iko tupu."

Mjomba akainua kikombe chake. "Yako humu, mama. Na mimi pua yangu imefunguka."