Mlango wa Mama wa Mkonze

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Dodoma. Mbele yangu alisimama mama mmoja mzee kutoka Mkonze. Alitaka wavu wa mbu wa mlangoni, ule wa kuvuta, unaojikunja wenyewe pembeni.

Mwenye duka, Mhindi wa makamo mzaliwa wa hapa hapa, alimshauri kwa upole. "Mama, chukua wa fremu. Huo unadumu zaidi."

Mama akatikisa kichwa. "Tangu mzee wangu afariki, jua likizama nafunga mlango kwa sababu ya mbu. Majirani wakipita wanadhani nimelala, hawapigi hodi. Nataka mlango ukae wazi, waione taa. Na mtu akija, nivute mara moja aingie, asije akaghairi."

Akauvuta wavu wa maonyesho, akauachia, ukarudi. Akauvuta tena.

Mwenye duka akavua miwani. "Kesho jioni nitakuja kuufunga mwenyewe, mama. Fundi wangu hana nafasi."

Fundi alikuwa amekalia mfuko wa saruji, anachezea simu.

"Chai unakunywa ya rangi au ya maziwa?" mama akauliza pale pale.

"Ya maziwa."

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kununua wavu ili apate wageni. Jioni ile nilipiga hodi kwa jirani yangu anayeishi peke yake. Alifungua mlango nusu, akanitazama kwa wasiwasi.

"Kuna msiba?" akauliza.