Kamba Kando ya Ua wa Kambi

Mwalimu Bishara alikuwa ameshika ncha moja ya kamba, mwanafunzi wake Sirad ameshika ya pili, waliposikia bunduki ikikokiwa nyuma yao.

"Msisogee," askari alisema.

Ilikuwa Jumamosi, mjini Modogashe, kaskazini mwa Kenya, mwaka wa tisini na sita. Watoto sita wa darasa la nne walikuwa wamechuchumaa kando ya ua wa kambi ya polisi, wakipima kivuli cha mlingoti wa redio. Bishara aliwachagua hao kwa sababu walimaliza hesabu upesi, kisha wakakaa kusinzia wakingoja wenzao. Yeye mwenyewe, utotoni kule Wajir, alikalishwa hivyo hivyo mpaka shule ikamchosha, nusura aiache. Ndiyo maana kila Jumamosi aliwapa kazi ya kuumiza kichwa. Lakini wiki ile lori lilikuwa limevamiwa na majambazi njiani, na askari walikuwa roho juu. Hilo hakulifikiria.

Abshir, mdogo kuliko wote, aliinuka kutimua mbio. Bishara akamdaka shati.

"Ukikimbia atapiga," alimnong'oneza kwa Kisomali.

Sajini akatoka kambini. "Mlingoti wetu mnampimia nani?"

"Hatumpimii mtu, afande. Ni somo. Ukipima kivuli cha fimbo na kivuli cha mlingoti, unajua urefu wake bila kuupanda."

"Somo gani la kuja kwenye ua wa serikali?"

Bishara akaiweka kamba chini. "Kosa ni langu. Waache watoto waende, mimi nibaki."

Sajini aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaashiria kwa kidevu. Waliondoka polepole, kama Bishara alivyowaagiza, naye akawasindikiza kwa macho mpaka walipopotea nyuma ya maduka.

Magharibi ilimkuta bado kwenye benchi la kambi. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuja kumdhamini.

"Wafundishe kilichomo kitabuni," alimwambia njiani. "Kinatosha."

"Hao hakiwatoshi, mwalimu."

Jumamosi iliyofuata alisimika fimbo karibu na tangi la maji la shule, akangoja. Uwanja ulikuwa mtupu. Alikuwa ameanza kuing'oa alipomwona Sirad akija, ameshikwa mkono na mama yake.

"Kambini asikanyage tena," mama alisema. "Lakini nyumbani hanipi raha, kila kitu anakipima. Mfundishe hapa ninapomwona."

Akaketi ukutani, asiondoke mpaka somo likaisha.