Supu Aliyoikataa Mama

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya hoteli moja pale Rangwe nikakutana na harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji moto. Unaijua harufu hiyo, msomaji wangu: nzito, yenye unyevu, inang'ang'ania kooni. Wenzangu walianza kumeza mate. Mimi nilikasirika. Nilikasirika papo hapo njiani, mtu mzima mwenye wajukuu, na aliyeniuliza kuna nini nilimjibu vibaya. Wewe nitakueleza, maana yule sikumweleza.

Nilizaliwa katika boma moja kati ya Rangwe na Asumbi, na ninayoyasimulia ni ya miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru. Baba alikuwa Kericho akichuma majani chai, tukimwona Krismasi. Nyumbani tulibaki Mama, mimi, wadogo zangu, na Dani, yaani bibi yetu mzaa baba. Kaka yake Baba, tuliyemwita Baba Mkubwa, alikuwa na boma lake ng'ambo ya kijito, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho hata kwetu.

Kuku walikuwa wa wanawake mpaka siku ya kuchinjwa. Sisi tuliwafuga, wanaume wakawala. Mwanamke kula kuku au mayai yake kulikuwa kwer, mwiko, na ukiuliza sababu unaambiwa ni kwer, basi, nenda ukateke maji. Boma zima lilikuwa limebatizwa, lakini mwiko ule maji ya ubatizo hayakuugusa. Tulipika kuku bila kuonja. Chumvi ikitutia wasiwasi, tulimwita mvulana yeyote aliyekuwa akipita atuonjee, naye alionja polepole, akarudia, akarudia tena, huku akitutazama usoni, mshenzi yule.

Kuwalea ilikuwa kazi yangu, na niliipenda, siwezi kukuficha. Jioni nilichimba kishimo kando ya kichuguu, nikakijaza mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, nikakimwagia maji kidogo na kukifunika kwa chungu kibovu. Asubuhi kabla ya shule nilikifunua chungu, mchwa wamejaa tele, na vifaranga wakanipandia miguuni kwa fujo. Nilijua kuwapaka majivu chini ya mbawa chawa wasiwamalize. Nilijua kuwafunika kwa tenga mwewe alipoanza kuzunguka juu. Miguu yangu ilinuka banda la kuku hata kanisani, na Mama alikuwa akiniketisha upande wa mlangoni ili upepo unisaidie.

Kisha kideri kikaingia. Nilisaga mshubiri nikautia katika maji yao ya kunywa, kama Dani alivyonifundisha, lakini walikufa tu, shingo zimepinda. Walibaki tetea mmoja na jogoo kijana niliyemwita Karani, kwa sababu alitembea kifua mbele akichungulia chini kama mtu aliyeangusha kalamu ya serikali.

Ni wakati huo huo Mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho. Damu ilimtoka mpaka wanawake waliokuwa ndani wakaacha kuzungumza. Majirani walimbeba kwa machela hadi zahanati, nami nikawafuata na Dani, nikimbeba mtoto. Muuguzi wa pale hakujua Kijaluo, na Dani hakujua Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili changu cha shule ndicho kilichotumika.

"Huyu mama damu imeisha sana," muuguzi alisema. "Mpatie supu ya kuku. Na nyama yenyewe ale. Na mayai. Umesikia? Ukimpatia uji peke yake, atawaponyoka hivi hivi."

Nilitafsiri neno kwa neno. Dani alitazama sakafu, kisha akasema, "Mwambie tumesikia."

Tulirudi nyumbani na Dani akampikia Mama uji wa wimbi, na mboga, na kambare akipatikana. Alimhudumia vizuri, sitamsingizia. Lakini kila nilipotaja kuku aligeukia moto akaanza kusogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa. Mama alikuwa amelala, midomo imepauka, akikohoa akishikilia tumbo. Maziwa yalitoka kidogo kidogo, na mtoto alilia akachoka. Mwishowe nilimwendea mwenyewe kitandani.

"Mama, nikimwambia mtu anichinjie Karani, utakunywa supu?"

"Mlishe kwanza anenepe," alisema.

Nililichukua jibu hilo kuwa ndiyo. Nilimlisha Karani mtama niliouokota chini ya ghala. Nilimlisha vichwa vya omena, dagaa wetu wa ziwani. Nilimlisha ugali wangu mwenyewe, nikalala na njaa kwa furaha. Alijaa kifua, akawa mzito mikononi, na alinijua hivi kwamba nikitokeza tu mlangoni anakuja mbio. Kila jioni nilimpima kwa kumkumbatia, na kila jioni nilimtazama Mama akizidi kupungua, nikawa na haraka ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Jumapili moja baada ya ibada, Baba Mkubwa alikuja na wazee wa kanisa kumwombea mgonjwa. Waliketi sebuleni, kofia magotini. Dani alijikaza, jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo, akamweleza maneno ya muuguzi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona Baba Mkubwa akitabasamu.

"Hao wa hospitali hawajui mambo yetu," alisema. "Sisi tutaomba. Maombi yanatosha."

Hapo sauti ya Mama ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba lakini haikutetemeka. "Akeyo! Shika huyo jogoo. Kuna wageni."

Nilidhani homa imempanda. Niliingia ndani nikamnong'oneza kwamba Karani ni wake, kwamba amenenepa, kwamba tulikubaliana. Alinikata. "Nyathina, mtoto wangu, nimesema mshike. Usiniaibishe."

Sikuhitaji kumkimbiza. Nilisimama uani tu, naye akanijia akitafuta omena. Mzee mmoja alimchinja, nami nikaletewa sufuria la maji moto nimnyonyoe. Nilikuwa nimewanyonyoa kuku wengi, lakini siku hiyo nilinyonyoa nikiwa nimeuma meno mpaka taya likauma, na ile harufu ikanipanda kichwani ikakaa.

Supu ilipoiva, iliyojaa mafuta juu, niliichota kidogo kwa kata kabla ya kuwapakulia. Dani aliniona. Aligeuza uso ukutani. Nilipita nyuma ya nyumba nikaipeleka hadi mdomoni mwa Mama. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole baridi.

"Rudisha."

"Muuguzi alisema, Mama."

"Akeyo, rudisha chunguni. Usimpunguzie Baba Mkubwa."

Niliirudisha. Kisha nikachukua maji na beseni nikawanawisha mikono wanaume wale, mmoja mmoja, nimepiga magoti. Baba Mkubwa alikula firigisi, akala paja, akala mgongo, akavunja mifupa akafyonza. Alipomaliza alisimama akaomba, midomo inang'aa mafuta: "Bwana, mrudishie dada yetu damu yake. Mpe nguvu, ee Bwana." Wenzake wakasema amina. Damu yake ilikuwa imekwisha kuliwa, na nguvu zake ndizo walizokuwa wakizitafuta kwa njiti katikati ya meno. Nilitaka kuwamwagia lile beseni. Walipoondoka nilikwenda kwa Mama nikitarajia angalau alie pamoja nami. Aliniuliza jambo moja tu.

"Baba Mkubwa ameshiba?"

Nilimwambia ameshiba. Alifumba macho akalala.

Hakufa. Ilimchukua muda mrefu kusimama, na mwaka ule wote maji niliteka mimi, kuni nilitafuta mimi, na shule nikaiacha. Niliporudi, wenzangu walikuwa mbele yangu na dawati langu lina mtu mwingine. Nilimchukia Baba Mkubwa mpaka akazikwa, na hata kwenye matanga yake nilikaa upande wa jikoni nisilazimike kumsifu. Mama nilimkasirikia kwa namna nyingine. Nilimwona mwoga, mtu aliyeogopa mwiko kuliko kifo.

Halafu nikaolewa, nikahamia Homa Bay mjini, na miaka ikapita ambayo miiko mingi iliachwa bila hata kuagwa. Mama akawa ananitembelea. Siku moja nilimpikia kuku, kwa ukaidi hasa, nione atafanya nini. Alikula. Alikula paja akaliguguna, akaomba mchuzi zaidi, akapangusa sahani kwa ugali. Hasira ya zamani ikanipanda.

"Kumbe kuku unampenda hivi. Siku ile uliogopa nini?"

"Nani aliogopa?" alisema, kwa mshangao wa kweli. "Ile kuku haikuwa mambo ya kwer. Mimi nilijua nakufa. Baba yenu yuko Kericho, angeoa mwingine. Nyinyi mngelelewa na nani? Si Baba Mkubwa? Nilitaka siku akiona nyinyi mlangoni kwake, akumbuke alikula kwangu akashiba."

Nilikaa. Nilikuwa nimefikiri kwamba yule jogoo alinyakuliwa na mlafi, kumbe aliyemtoa alikuwa akitutafutia pa kulala. Hasira yangu ilitafuta pa kukaa ikakosa. Nilimuuliza swali la mwisho, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Na kama wewe mwenyewe ungekunywa ile supu, Mama, ukapona?"

Alishusha mfupa kwenye sahani. Alifikiri kama mtu anayetafuta kitu nyumbani mwake akagundua hakijawahi kuwamo.

"Hiyo sikuifikiria," alisema.

Na hilo ndilo linalonikasirisha, msomaji wangu, kuliko firigisi na kuliko yale maombi. Mama yangu alikuwa mwerevu kuliko wanaume wote waliokaa sebuleni mwake siku ile. Alitufikiria sote, mmoja baada ya mwingine, akampangia kila mmoja, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumfundisha kwamba naye alikuwamo.