Miaka yangu miwili kwenye biro ya kupima shule

Siku ya kwanza nilifika kazini mapema mno. Mlango wa biro, yaani ofisi, ulikuwa bado umefungwa, nikawa nazunguka nyumba ili wapita njia wasione kwamba ninangoja. Nilikuwa na miaka kumi na saba na diploma mpya ya math-fizikia. Mwalimu wangu wa hesabu ndiye aliyenitafutia nafasi ile, kwa sababu, alisema, "huyu mutoto hasemi, lakini hakosei." Leo nina miaka kumi na tisa na nimestaafu. Najua mnacheka. Nyumbani pia walicheka. Lakini direktrisi, mama mkuu wa lise yetu, ameniomba niwaeleze ninyi wadogo zangu jinsi kazi ya takwimu inavyofanyika, na kati ya wasichana tuliomaliza pamoja ni mimi peke yangu niliyewahi kuifanya. Kusema mbele yenu nisingeweza. Kuandika naweza.

Biro ilikuwa Ibanda, mjini Bukavu, ghorofani, madirisha yakiangalia ziwa. Mkubwa wetu alikuwa na cheo cha Chef de Bureau, na kama mnavyojua lazima kila mtu aitwe Citoyen, yaani raia, kwa hiyo tulimwita Citoyen Chef. Alikuwa mfupi, amesoma takwimu Ulaya, na shati lake lilikuwa na wino mfukoni siku zote. Alinikuta nimesimama kwenye kona ya nyumba.

"Citoyenne Nabintu, unaogopa nini, mimi ao hesabu?"

"Wewe, Citoyen Chef."

"Bon. Kuogopa hesabu ndiyo haina dawa. Ingia."

Kazi yetu ilikuwa kupima watoto wa darasa la tano: mtihani mmoja wa Kifaransa na wa hesabu, katika shule zilizochaguliwa mjini, Bunyakiri na kwenye kisiwa cha Idjwi. Aliyebeba mitihani mpaka shuleni alikuwa Bahati, kijana mrefu mwenye mzaha. Mimi niliingiza majibu kwenye kompyuta. Kila jibu linakuwa namba: sahihi ni moja, kosa ni sifuri, na pale mtoto alipoacha wazi ni tisa, kwa sababu mtoto aliyekosea na mtoto ambaye hakufika kwenye swali si watoto wa namna moja. Tulikuwa na kompyuta moja tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaanza upya, na Bahati anapata nafasi ya kunichokoza.

"Nabintu, leo umesema maneno ngapi? Tatu? Umechoka, kaa chini."

Wiki ya kwanza Citoyen Chef aliniuliza: kupima watoto arobaini wa darasa moja, na kupima watoto arobaini kutoka shule arobaini, ni sawa? Nikasema ni sawa, arobaini ni arobaini.

"Haya. Nenda kwenye nyumba moja kule Kadutu, uulize batoto kumi: jana mulikula nini? Watakuambia nini?"

"Bugali na samaki sambaza."

"Wote kumi?"

"Wote."

"Basi umepata majibu kumi ao moja?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ile. Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, ubao mmoja, paa moja linalovuja. Wanafanana kabla hujawapima. Kwa hiyo mtu wa takwimu hachanganyi watoto wote kama maharage kwenye kapu. Anawahesabu kwa ngazi: mtoto yuko ndani ya darasa, darasa liko ndani ya shule, shule iko ndani ya eneo. Kisha anauliza, tofauti hizi ninazoziona, ni kiasi gani kinatoka kwa mtoto mwenyewe, na kiasi gani kwa shule? Tofauti hizo, namna alama zinavyosambaa, huitwa mtawanyiko. Mtu akiuacha mtawanyiko na kutazama wastani peke yake, atamlaumu mwalimu kwa njaa ya wanafunzi wake. Kwa hiyo tuliandika pia kama mtoto anasema Kifaransa nyumbani, kama anatembea mbali, kama nyumbani kuna kitabu.

Juu ya Citoyen Chef alikuwapo Inspekta wa shule. Yeye ndiye aliyeomba kazi ile na yeye ndiye aliyeitumia. Hakuwa mtu mbaya, naandika hivyo kwa haki. Alikuwa na shule nyingi zisizo na madawati, na watu wa juu yake walimuuliza kila mara anafanya nini. Siku moja alipanda ngazi zetu akihema, akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama ukutani.

"Citoyen Chef, munipe liste. Ya kwanza mpaka ya mwisho. Direkta wa shule ya mwisho, namutoa. Nina vijana bamesoma, bananingoja kwa mulango kila asubuhi."

"Liste ni hatari, Citoyen Inspekta. Ukisikia upana wa kosa, kila alama inaweza kupanda ao kushuka kiasi gani..."

"Upana nitausikia kesho. Liste leteni."

Mashine ilifanya kazi mchana mzima, na shule ya mwisho ilikuwa shule ndogo ya Idjwi. Direkta wake, mwalimu mkuu, alikuwa muzee ambaye alibakisha mwaka mmoja tu apumzike. Akitolewa kabla ya mwaka huo, anaondoka na aibu, na nyumba ya shule anayoishi inapewa mwingine. Bahati alikuwa ametusimulia juu yake: muzee alimpokea kwa mananasi, akamsindikiza mpaka kwenye maji.

Lakini Citoyen Chef alikuwa anaangalia kitu kingine. Shule dhaifu, watoto wake wote huwa chini kidogo. Hii ya Idjwi ilikuwa imegawanyika: kikundi kimoja katikati, sawa na wa mjini, na kikundi kingine chini kabisa, karibu na sifuri, na baina yao hakuna mtu.

"Hii si darasa moja," alisema. "Hii ni madarasa mawili yamekaa pamoja. Mutu aende aulize."

Bahati alikuwa amekwama njia ya Bunyakiri, tope lilikuwa limekata barabara. Citoyen Chef akaniangalia. Usiku ule niliomba Mungu anipe homa, hakunipa. Nikapanda boti ya motori na wachuuzi, kisha nikatembea kupanda kilima mpaka shuleni.

Direkta alinipa kiti chake, yeye akakaa kwenye dawati la mtoto. Nilikuwa nimetayarisha sentensi moja na niliisema bila kumtazama: Papa Direkta, siku ile ya mtihani, wote waliokaa walikuwa wa darasa la tano?

"Hapana," alisema, bila kusita hata kidogo. "Barua yenu ilisema mutayarishe batoto arobaini. Mimi nina kumi na tisa. Wengine banaenda ku ziwa na ba papa wao, wengine ku mashamba ya kahawa. Sasa mugeni anatoka Bukavu, anavuka maji, anakuta nusu ya viti ni wazi? Nikaleta ba darasa la tatu. Niliwavalisha vizuri. Mama zao balikesha wanafua."

"Lakini walikosa yote, Papa Direkta."

"Hakika walikosa, ni ba tatu! Lakini hakuna moja aliyesumbua. Mugeni wenu hakuona?"

Bahati alikuwa ameona watoto wadogo kweli, lakini Idjwi watoto wengi ni wadogo kwa mwili, hakushangaa. Nadhani mtu wa mjini angetuficha watoto wake dhaifu siku ya mtihani, na wako waliofanya hivyo. Huyu alituongezea. Tuliketi wote wawili, akanitajia wa darasa la tatu ni nani na nani, mmoja mmoja, pamoja na majina ya wazazi wao.

Nikarudi, tukawatoa, mashine ikaanza upya. Nilitegemea shule ile ipande mpaka juu, hata nilikuwa tayari kufurahi. Haikupanda. Ilisimama katikati, na upana wa kosa ulikuwa mkubwa hata ungeweza kuiweka popote. Nilimuuliza Citoyen Chef kama tumekosea.

"Hatukukosea. Darasa ikiwa na batoto kidogo, homa ya mutoto moja inaangusha wote, na mutoto moja wa akili anainua wote. Kwa hiyo hesabu haiamini sana wastani yake. Inaivuta kuelekea katikati ya shule zote, na inasema: ngojeni kwanza."

"Kwa hiyo shule ni nzuri ao mbaya?"

"Hatujui."

Inspekta aliposikia neno hilo aliuweka mkoba wake chini.

"Nimeleta mutu ya hesabu juu ya kuniambia hajui?"

"Nimehesabu, Citoyen Inspekta, njo maana nakuambia hatujui. Hii shule siwezi kuiweka ya mwisho, siwezi kuiweka ya kwanza. Haina nafasi."

"Muzee alileta batoto ya uongo! Hiyo peke yake inatosha kumutoa."

Sikupanga kusema. Nilisikia sauti ikitoka ukutani, na ilikuwa yangu.

"Ni sisi, Citoyen Inspekta. Ni sisi tuliandika arobaini kwa shule zote bila kuuliza. Yeye alisikia aibu kutupa viti wazi. Na nilipomuuliza hakuficha kitu. Mutu atafukuzwa juu ya kutupokea vizuri?"

Wote waligeuka. Bahati, aliyekuwa amerudi na tope mpaka magotini, akanong'ona: "Basi, hayo ni maneno ya mwaka nzima."

Inspekta alimgeukia Citoyen Chef. "Huyu ni mutoto ya nani?"

"Ya biro," alisema Citoyen Chef.

"Muzee abakie," alisema Inspekta, akichukua mkoba wake. "Amalize mwaka wake. Lakini mimi siwezi kupeleka kule juu liste yenye shimo. Mwaka kesho nitampa kazi hii sekretere wangu. Yeye anajua kujumlisha na kugawanya, na hatakuwa ananiambia hajui."

Na alifanya hivyo, biro ikafungwa. Citoyen Chef amerudi kufundisha, Bahati anauza vipuri vya magari kwa mjomba wake, kompyuta ilikuja kuchukuliwa na gari ya serikali. Mimi nikastaafu.

Mkiniuliza kazi ile ilinifundisha nini, sitawaandikia mambo makubwa. Iliniharibia mazoea ya kusikia "shule hii ya kwanza, shule ile ya mwisho" na kunyamaza. Hata matokeo yenu yakibandikwa ukutani, huwa nauliza kimoyomoyo mlikuwa wangapi, na nani hakuja siku ile. Na bado ninaona haya mbele za watu. Kazi haikuniponya.

Kabla ya kurudi nyumbani kabisa nilikwenda tena Idjwi, kwa hiari yangu, maana hakuna aliyemwandikia Direkta kitu chochote. Nilimkuta darasani anafundisha. Alitoka mlangoni, nikamwambia anabaki, atamaliza mwaka wake. Alishukuru Mungu, akapangusa mikono yenye chaki. Kisha akauliza:

"Na sisi ni ya ngapi?"

"Hamuna nafasi, Papa Direkta. Haijulikani."

Akanywea. "Afazali hata ya mwisho. Nimeambia batoto nafasi iko njiani." Akafikiri. "Mutarudi lini kupima tena?"

"Biro imefungwa, Papa. Hakuna kati yetu atakayerudi."

Alitazama ndani ya darasa, akanitazama mimi. "Basi ingia uwaambie wewe mwenyewe. Mimi sitaweza kueleza."

Niliingia. Wote kumi na tisa walisimama. Nikawaambia jinsi tulivyopima, jinsi wao ni wachache, na kwamba hatujui shule yao ni ya ngapi. Sauti yangu, sijui ilitoka wapi, ilifika mpaka nyuma. Kisha msichana mmoja wa dirishani akainua mkono.

"Hamujui kabisa?"

"Hatujui kabisa."

"Basi ya kwanza inaweza kuwa sisi?"

Direkta naye aligeuka kungoja jibu.

"Inaweza," nilisema. Na hapo, wadogo zangu, sikusema ili kumfurahisha. Ndivyo hesabu yenyewe ilivyosema.